Afya ya moyo ya wanachuo wa Tabora ianzie kwenye jiko, ratiba na fomu ya usajili

Kila ifikapo Septemba 29, Siku ya Moyo Duniani, vijana huambiwa yale yale: wapunguze chumvi, waache soda, wafanye mazoezi, wasivute sigara. Ushauri huo ni sahihi na sina sababu ya kuupinga. Wiki chache baadaye vyuo hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hapo ndipo upungufu wa jitihada zetu unapoonekana, kwa sababu kijana aliyeusikia ushauri ule redioni anaingia katika maisha ambayo saa za vipindi, chakula kinachouzwa jirani, chumba alichopanga na fedha anazopata kwa mkupuo ndivyo vinavyoamua atakula nini, atalala saa ngapi na atatembea kiasi gani. Ninachotaka kukijenga katika makala haya ni kwamba jukumu kubwa la kulinda moyo wa mwanachuo liko kwa wanaopanga mazingira yake, yaani uongozi wa chuo na manispaa, na kwamba kumwachia yeye peke yake jukumu hilo ni kumtwika mzigo asioweza kuubeba.

Nazungumzia Tabora kwa makusudi. Huu ni mji wa wanafunzi tangu zamani. Mwalimu Nyerere alisoma hapa kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, na leo una Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, Chuo cha Utumishi wa Umma, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Nyuki, vyuo vya ualimu na vya afya. Vijana wanaopita hapa ndio walimu, maofisa ardhi, watunza kumbukumbu na wauguzi wa kanda nzima ya magharibi. Tabia wanazozizoea hapa watakwenda nazo Kaliua, Kibondo na Mpanda, na baadhi yao watazifundisha darasani bila kukusudia.

Wapo wanaodhani kwamba moyo ni suala la wazee. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miili ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wa askari hao ulikuwa miaka 22, umri wa mwanachuo wa mwaka wa pili au wa tatu, na asilimia 77 kati yao walikutwa na dalili kwamba mishipa inayoulisha moyo imekwisha kuanza kuharibika. Walikuwa vijana wenye nguvu, waliopita katika mazoezi makali, wasiolalamikia maumivu yoyote ya kifua. Kwa hiyo ugonjwa unaomwangusha mtu akiwa na miaka 50 huwa umeanza safari yake miaka 30 kabla, kimya kimya, na umri wa chuo ni sehemu ya safari hiyo.

Takwimu za dunia zinajulikana: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64 na kukuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Tuuangalie umri huo vizuri. Mwanachuo wa miaka 20 hakuwamo kabisa katika hesabu, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayofanya presha izungumzwe kana kwamba humwanza mtu siku anapotimiza miaka 40. Mishipa haina kalenda ya namna hiyo. Shinikizo likipanda na kubaki juu, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila pigo, misuli yake hunenepa na kukakamaa, figo huumia taratibu, na mwenye mwili haoni lolote kwa miaka mingi.

Sasa tuyaangalie maisha yenyewe. Simama jioni mbele ya banda la chipsi karibu na hosteli yoyote ya mji huu. Karai lina mafuta yaliyokaangiwa tangu mchana, na pengine tangu jana, yamegeuka rangi ya kahawia na yanatoa povu pembeni. Viazi vinachotwa na kumwagwa kwenye sinia la bati, chumvi inanyunyizwa kabla mteja hajafungua kinywa, mayai mawili yanavunjwa juu ya viazi kwenye kikaangio chenye mafuta mengine, na zege likishaiva linamiminiwa tomato ya chupa, ambayo nayo ina chumvi na sukari yake. Kachumbari ni kidogo, ya kupamba. Soda inafunguliwa. Kijana huyo amekula chumvi na mafuta mengi kwa mlo mmoja, hajagusa mboga ya maana, na chupa ya soda ya mililita 350 imempa takriban gramu 35 za sukari, ambazo ni kama vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikiwamo ile iliyokwisha kutiwa jikoni, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga.

Ni rahisi kumlaumu aliyenunua. Lakini tumuulize kwa nini amenunua. Kipindi chake cha mwisho kimekwisha jioni, mama lishe aliyepika wali, maharage na mchicha amekwisha kuosha masufuria yake tangu alasiri, hosteli inakataza kupika chumbani kwa kuogopa moto, na katazo hilo ni la haki kabisa. Kilichobaki wazi saa tatu usiku ni karai. Halafu kuna suala la fedha. Mwanafunzi mwenye mkopo hupewa fedha za chakula na malazi, ambazo mwaka 2022 zilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku, na humo humo kuna kodi ya chumba, sabuni, bando na nauli. Bumu, yaani fedha hizo za mkopo, huja kwa mkupuo. Siku za mwanzo huliwa kuku na chipsi; siku za mwisho huliwa mlo mmoja mkubwa wa usiku, andazi la asubuhi na chai yenye sukari nyingi ya kuzuia njaa. Asiye na mkopo huanzia pale ambapo mwenzake anamalizia. Mwili unaoshinda na njaa kisha ukashindiliwa mafuta na wanga usiku haujapewa nafasi ya kuchagua mtindo bora wa maisha, hata mwenye mwili huo akiwa amehudhuria semina zote za afya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Unyamwezi haukosi chakula kinachoupenda moyo. Kuna ugali wa dona na wa mtama, kuna maharage, karanga, mlenda, kisamvu, uyoga wa masika, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), na kuna maembe ambayo msimu wake ukifika huoza chini ya miti iliyopandwa tangu enzi za misafara. Mwanafunzi aliyetoka Sikonge au Nzega amekulia humo. Anapofika mjini chakula hicho kinakuwa cha nyumbani, cha kishamba, na chipsi zinakuwa chakula cha mtu aliyefika. Asali nayo niiseme, maana kwetu ni fahari: ni chakula kizuri, lakini mwili unaihesabu kuwa sukari, na anayemimina asali vijiko vinne kwenye chai hajapunguza sukari.

Chuo kinaweza kulibadilisha hili kwa karatasi ambayo tayari kinaisaini kila mwaka, yaani mkataba wa mwendesha mgahawa. Mkataba huo kwa kawaida huzungumzia pango, usafi na bei. Uongezwe masharti machache: mgahawa ufunguliwe hadi saa tatu usiku; kila mlo uwe na maharage, kunde au dengu pamoja na mboga ya majani bila malipo ya ziada; mafuta ya kukaangia yasirudiwe siku ya pili; mpishi asinyunyizie chumvi chakula kilichokwisha kupakuliwa; na maji safi ya kunywa yapatikane bure. Hilo la maji linaonekana dogo, lakini ndilo linalonipa matumaini zaidi, kwa kuwa katika joto la Oktoba mtu mwenye kiu ambaye maji nayo ni ya kununua ataona afadhali anunue kinywaji chenye ladha. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, 2017, haikusubiri kila kijana ashawishike kwanza. Iliondoa kitu kilichokuwa rahisi kupita kiasi, kinachotosha mfukoni mwa shati. Mantiki hiyo hiyo inafaa kwenye mgahawa, na huku haihitaji hata sheria ya Bunge.

Kuhusu mazoezi, nadhani tumepotoshwa na picha ya mtu aliyevaa raba za bei ghali. Mwaka huo huo wa 1953, daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kitini siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi wakikusanya nauli. Walitoka katika hali moja ya maisha na kampuni yao ilikuwa moja, lakini makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Hakuna aliyewapeleka makondakta uwanjani. Kazi yenyewe iliwatembeza. Mwanachuo anayepanga Isevya au Ipuli na kwenda chuoni kwa miguu au kwa baiskeli, katika mji huu ambao hauna milima ya kuutisha mguu, anaweza kutimiza dakika 150 za wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kabla ya Ijumaa. Siku hizi anapanda bodaboda. Ukimsikiliza atakutajia jua, vumbi, kipindi cha saa moja asubuhi alichokuwa anachelewa, na kwa wasichana, giza la njiani wanaporudi kutoka maktaba. Sababu zote hizo zina dawa ambayo haiko mikononi mwa mwanafunzi: taa za barabarani, miti ya kivuli kando ya njia za waenda kwa miguu, sehemu salama ya kufungia baiskeli ndani ya chuo. Tabora ilijengwa juu ya baiskeli. Inashangaza kuona chuo chenye maegesho ya magari ya wahadhiri na kisicho na hata chuma cha kufungia baiskeli moja.

Niseme jambo kwa wasichana hasa. Uwanja wa chuo jioni huwa wa wavulana wanaocheza mpira, na msichana anayekimbia peke yake huzomewa. Wengi huacha baada ya wiki ya kwanza. Chuo kikitenga siku mbili za jioni kwa netiboli na mbio za wanawake, kikaweka mwalimu wa michezo pale, kitakuwa kimefanya zaidi ya bango lolote la hamasa.

Usingizi ni jambo ambalo wengi hawalihusishi na moyo, na mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliuongeza rasmi katika orodha yake ya mambo makuu yanayoulinda moyo, sambamba na lishe, mazoezi na kuacha tumbaku. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Wiki za mitihani vyuoni kwetu huendeshwa kwa kukesha, na kukesha huendeshwa kwa vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 huwa na kafeini ya kikombe kizima cha kahawa, pamoja na sukari inayokaribia gramu 27. Anayekunywa matatu kwa usiku mmoja, tumbo likiwa tupu, anausukuma moyo wake kwenda mbio bila sababu, na mwenye hitilafu ya mapigo asiyoijua anajiweka hatarini. Ratiba inayobana mitihani minne ndani ya siku tatu ndiyo inayouza makopo hayo. Ofisi ya taaluma ikitawanya mitihani na kutoa ratiba mapema itakuwa inafanya kazi ya afya, hata kama haijawahi kujiona hivyo.

Tumbaku haiwezi kukwepwa katika makala yanayohusu Tabora. Huu ndio mkoa unaoongoza kwa kilimo chake nchini. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui zina familia nyingi ambazo karo ya chuo ilitoka kwenye majani yaliyokaushwa kwa moto wa kuni. Siwezi kuwadharau wazazi hao. Kijana aliyesomeshwa na tumbaku anapoambiwa kwamba sigara ni adui wa moyo husikia pia kwamba baba yake amekosea, na ninaelewa kwa nini hunyamaza. Lakini ukweli wa kitabibu haubadiliki: moshi wa sigara huharibu utando wa ndani wa mishipa na kuifanya damu igande kwa urahisi, na mvutaji anayeacha, baada ya mwaka mmoja tu, hatari yake ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Sheria ya bidhaa za tumbaku tunayo tangu mwaka 2003, na mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao ibara yake ya 17 inazitaka nchi ziwasaidie wakulima kupata shughuli mbadala zenye faida.

Hilo la wakulima linanirudisha kwenye mfano ninaouheshimu kuliko yote. Mkoa wa North Karelia, nchini Ufini, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizokuwa na vifo vingi zaidi vya moyo duniani, hasa vya wanaume wenye umri wa kufanya kazi. Mwaka 1972 mradi mkubwa ulianza huko chini ya uongozi wa daktari kijana, Pekka Puska. Watu walifundishwa, ndiyo, lakini mradi ulikwenda pia kwa watengeneza soseji wapunguze chumvi na mafuta, kwa akina mama wa vijijini wabadilishe mapishi, na kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao baadhi yao walisaidiwa kuhamia kwenye kilimo cha matunda madogo yanayostawi kwenye baridi ile. Katika miaka 35 hivi vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Walikuwa wakulima, maskini kwa kipimo cha nchi yao, waliozoea siagi na sigara, na hawakulaumiwa. Walibadilishiwa mazingira sokoni, jikoni na shambani. Mkoa wenye chuo cha nyuki, ardhi ya karanga na alizeti, na maembe yanayooza, una pa kuanzia.

Kuna ugonjwa mwingine wa moyo ambao kampeni za mtindo wa maisha huusahau, na ambao kwa umri huu unastahili kutajwa mapema kuliko presha. Mtoto anapopata maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka, yale ambayo nyumbani huitwa mafindofindo, na asitibiwe ipasavyo, anaweza kupata homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba na kuuma, kisha hupoa, na baada ya miaka valvu za moyo, yaani milango inayoongoza damu ndani yake, hubaki na makovu. Homa hiyo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Kwa hiyo madhara yake hujitokeza wakati kijana yuko chuoni: anahema akipanda ngazi, moyo unamwenda mbio, wenzake wanamwita mvivu. Kwa wasichana, mara nyingi hugundulika wakiwa wajawazito, wakati hatari imekuwa kubwa. Anayejulikana kuwa na tatizo hili huhitaji sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na kuhama kutoka zahanati ya kwao kuja chuoni ni wakati ambapo sindano hizo hukatika bila mtu yeyote kugundua. Kumwambia kijana huyu akimbie uwanjani bila kumpima ni kumkosea.

Ndiyo maana nasisitiza fomu. Karibu kila chuo humtaka mwanafunzi mpya alete fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari, na wengi wetu tunajua jinsi nyingi zinavyojazwa: kwa haraka, kwa muhuri, pengine bila hata mkanda wa kupimia presha kuzungushwa mkononi. Tufanye upimaji pale pale kwenye usajili. Mwanafunzi akae dakika tano, miguu chini, mkono mezani, apimwe mara mbili na namba ziandikwe. Aulizwe iwapo aliwahi kuvimba viungo utotoni, iwapo anahema kupita kiasi, iwapo kuna aliyekufa ghafla katika familia akiwa kijana, iwapo yuko kwenye sindano za kila mwezi. Mashine ya kupimia si ghali, na wanafunzi wa vyuo vya afya vya hapa mjini wakisimamiwa wanaweza kuifanya kazi hiyo kama sehemu ya mafunzo yao. Atakayeonekana na 140 kwa 90 au zaidi arudiwe siku nyingine akiwa ametulia, kwa kuwa safari ya basi ya usiku kucha na foleni ya usajili hupandisha presha ya yeyote. Ambaye presha yake itabaki juu apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, akiwa na karatasi ya chuo yenye vipimo vyote. Kwa kuwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli, ni bora daktari wa Kitete ndiye aamue nani anahitaji safari hiyo. Mshauri wa wanafunzi abaki na daftari la siri la wenye miadi, ili siku ya sindano au ya kliniki ikigongana na jaribio, jaribio ndilo lisogezwe.